Trei ya Mayai Kwenye Kiti cha Nyuma

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa pili wa mpiga kengele wa stesheni hiyo na mkewe, fundi cherehani. Ninayesoma ni shemeji yake, kaka wa mjane. Wasifu huu ulikuwa usomwe na mpwa wangu mkubwa, binti wa kwanza wa marehemu. Aliandika wake, mzuri, wenye kila kitu isipokuwa mama yake. Lakini programu mlizoshika zimechapwa dukani kwangu, na mwenye mashine ndiye mwenye neno la mwisho. Najua mnasema marehemu hasemwi. Mimi na yeye tulisemana miaka zaidi ya arobaini akiwa hai, na sitamvika kilemba cha ukoka leo kwa sababu tu hawezi kunijibu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, na mwaka 1966 akaingia chuo cha ufundi, fani ya magari, akahitimu 1969. Walimu walimsifu kwa hesabu za kugawanya. Dada yake, aliyekaa pale mstari wa mbele, ananiambia hata nyumbani mama yao alipokata mkate wa watoto sita, yeye ndiye aliyekagua vipande. Kugawanya alijua tangu utotoni. Kugawana hakujifunza mpaka tunamleta hapa.

Mwaka 1970 aliajiriwa na kampuni ya kusambaza mikate kama fundi msaidizi, na mwaka 1984 akawa msimamizi wa magari yote, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu 2011. Hapo ndipo alipopata ugonjwa wa lita. Nitampa haki yake: kupima alijua. Alijaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe, pampu ileile ya pili kutoka ukutani, gari likiwa limesimama palepale, asubuhi kabla jua halijachoma. Akaendesha, akarudi pampu ileile, akajaza tena mpaka ikakata, kisha akagawa kilomita kwa lita alizotia. Dereva akija na hesabu ya tangi moja alimfukuza. "Tangi moja ni mwongo," alisema. "Lete matatu, hao ndio mashahidi." Hata mita ya gari hakuiamini, aliilinganisha na vijiwe vya kilomita vya barabarani. Ila kupima ni kitu kimoja na kuendesha ni kingine, na hapo ndipo tulipoteseka.

Alimwoa dada yangu tarehe 12 Mei 1979. Mimi nilikataa, ila mama akasema kijana haonekani mlevi. Kweli, pombe hakunywa. Mwaka 1988 alinunua gari dogo jeupe lililokwishatumika, lile lililoegeshwa pale getini, na kuanzia siku hiyo familia nzima ikawa mzigo. Simaanishi kwa mafumbo. Alitupa tairi la akiba stoo. Alikataza madirisha kufunguliwa, eti upepo unalivuta gari nyuma, na sisi ndani tukitokota. Tairi alizijaza upepo kupita kiasi mpaka tukawa tunaruka kila tukikanyaga kokoto. Kwenye mteremko alizima injini kabisa, usukani ukawa mgumu na breki ngumu, naye anatabasamu. Kwenye kilima cha kwenda sokoni alisimama, akageuka, akamwambia mama yangu, mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sitini na tano: "Mama, naomba ushuke, nitakusubiri juu." Mama alishuka. Alipofika juu akihema, akaambiwa kwa furaha kwamba ameokoa mafuta. Hakupanda tena gari hilo mpaka anakufa.

Na kwa mateso yote hayo alipata nini? Kilomita kumi na nne kwa lita. Siku ya bahati, kumi na tano. Gari tupu, limefungwa kama kopo, halina tairi la akiba wala mama mkwe.

Wakati huo dada yangu alifuga kuku nyuma ya nyumba na kuuza mayai kwenye maduka na hoteli za mjini. Leseni alikuwa nayo, ila funguo hakupewa. "Wewe unakanyaga mafuta kama unakanyaga nguo kwenye beseni," marehemu alimwambia mbele yangu. Mayai yalikwenda kwa mkokoteni.

Basi mwaka 1993 marehemu akapanda juu ya kiti kufungua keria ya kwenye paa, kwa sababu nayo ilikuwa na dhambi ya kuvuta upepo. Kiti kilikuwa kibovu. Mguu ukavunjika mahali pawili. Aliyecheka wa kwanza ni mimi, na kama kuna aliyetegemea niombe radhi hapa, asahau. Alilazwa, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa. Mwenye mkokoteni naye akahama mji, na mayai hayangoji mguu upone. Dada akachukua funguo kwenye suruali iliyokuwa imetundikwa mlangoni.

Mimi nilikaa naye mbele, trei zikiwa kiti cha nyuma na nyingine sakafuni. Kwanza alikwenda kupunguza upepo wa tairi mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, kwa sababu tairi ngumu hupasua mayai. Aliondoka taratibu, ila hakujikokota. Gari likishika mwendo, alibadili gia mapema na kubaki hapohapo. Kwenye mteremko aliacha gia ndani, akatoa mguu tu, injini ikalishika gari. Macho yake yalikuwa mbali. Mimi, mwenye haraka za kijinga, nikamwambia akimbie. "Kaka, taa ile nyekundu," akanijibu. "Tunakimbilia nini? Kwenda kusimama?" Akaachia mafuta tukiwa bado mbali, gari likaenda lenyewe, na tulipofika taa ikawa kijani. Breki aliigusa mara chache mno. Dirisha lake lilikuwa wazi tulipokuwa mjini, na alikuwa anaimba.

Kutoka kitandani marehemu alitoa amri moja: ajaze pampu ileile, mpaka ikate, amletee kilomita na lita. Alizidai kabla ya kuuliza hali ya watoto. Tangi la kwanza aligawa kichwani, ikatoka zaidi ya kilomita ishirini kwa lita, akasema, "Umesoma vibaya." Tangi la pili akasema dada ameruka kujaza. La tatu alitoroka wodini na magongo yake, akaja mwenyewe kituoni.

"Pampu hii mbovu," akamwambia mhudumu.

"Mzee, imekaguliwa wiki iliyopita. Muhuri huu hapa."

"Basi kuna mtu anatia mafuta kwa siri."

"Nani huyo?" dada akamuuliza. "Malaika?"

Mhudumu aliangua kicheko. Marehemu hakucheka. Aliegemea gongo, akaangalia kiti cha nyuma, ambako palikuwa na trei zimefungwa kwa kanga. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada: "Uliendeshaje?"

"Sikuendesha gari," dada akasema. "Niliendesha mayai."

Ndugu waombolezaji, sasa mnajua. Ninyi madereva wa mikate mliojaa pale nyuma, mliofundishwa kuweka trei ya mayai mabichi kwenye kiti cha lori na kuambiwa atakayepasua hata moja anarudia mtihani. Ninyi mnaojisifu kwamba mlipitia mikono ya Mwalimu Trei, kama mlivyombatiza marehemu: somo lile lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa anapeleka mayai hotelini. Marehemu alipotoka plasta alilibeba mzimamzima mpaka karakana. Mafuta ya kampuni yakashuka, tairi na breki zikadumu. Mwaka 1994 wakamwita ukumbini, wakatundika kibao getini: Kilomita 21 kwa lita. Mwalimu Trei. Mkurugenzi wa wakati ule akamuuliza wazo alilipata wapi. Akasema, "Nilikuwa nimelala hospitali, nikafikiri."

Dada yangu alikuwa safu ya tatu, kavaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Alipiga makofi. Mimi nilitoka nje, kwa sababu ningebaki ningemvunja ule mguu wa pili.

Ningemsamehe kwa kuiba. Watu huiba. Nisichomsamehe ni kwamba wiki iliyofuata alichukua funguo. "Mayai yako yananiharibia wastani," alimwambia. Akampa mkokoteni mpya kama zawadi, akautia rangi kwa mkono wake, na yeye akarudi kuzima injini kwenye mteremko na kupata kumi na tano. Alifundisha kila dereva wa mji huu kuendesha kama mke wake, na mwenyewe akashindwa. Dada alitembea na mkokoteni ule miaka kumi na minane, mpaka magoti yalipokataa.

Tarehe 2 Juni mwaka huu marehemu alipata kiharusi akiwa anapima upepo wa tairi. Upande wa kulia ukalala, na hapo funguo zikarudi kwa mwenyewe. Dada alimlaza kiti cha nyuma, palepale pa trei, akampeleka hospitali bila kumtikisa hata mara moja. Mimi nilikaa mbele. Njiani akawa anang'ang'ana kusema neno. Nikasogeza sikio nikidhani, afadhali sasa, atasema. Akasema, "Fungeni dirisha." Dada akajibu, "Pumua kwanza," akaliacha wazi. Alifariki tarehe 19 Julai, saa kumi alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Kwa nini alimshika, muulizeni yeye.

Sasa nageukia kwako, Mkurugenzi wa leo wa kampuni ya mikate. Kile kibao cha marumaru ulichokuja nacho, pamoja na fundi mawe aliyekichonga, kimefunikwa kitambaa cheupe, na sote tunajua kimeandikwa nini, maana maneno yake uliniletea mimi niyachape kwenye jalada la nyuma. Mwanzilishi wa Somo la Trei. Kilomita 21 kwa lita. Mkikifunua hapa, tutakuwa tumemzika dada yangu akiwa amekaa kwenye kiti. Naomba kitambaa kibaki.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mhasibu, muuguzi na fundi umeme, wajukuu saba, dada mmoja, shemeji mmoja, mimi, ambaye sijapoa, na gari moja jeupe linalowaka bila kusukumwa.

Juzi nilimpelekea dada nakala ya kwanza ya karatasi hii, kabla ya kuchapa nyingine. Niliogopa ataichana. Aliisoma yote, amevaa miwani, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye kibao, kidole kikasimama.

"Umeandika kwa hasira," akasema.

"Ndiyo. Nifute?"

"Usifute. Nipe kalamu." Akalikata lile 21 kwa mstari mmoja, juu yake akaandika 22. "Ilikuwa ishirini na mbili. Matangi yote matatu. Kilomita moja aliipunguza mwenyewe, akasema ishirini na mbili watu hawataamini." Akanirudishia kalamu. "Wachonge hiyo, na waandike ni yangu."

Kwa hiyo fundi mawe, umesikia. Na wewe shemeji, ulale. Amani ambayo hukumpa abiria wako hata mmoja, Mwenyezi Mungu akupe wewe.