Royce Altmann, Aliyejua Thamani ya Kiungo (1951–2023)

Bi Lorna, mjane wa marehemu, aliomba wasifu huu uandikwe na kusomwa na Alwyn, mdogo wake marehemu. Alwyn alikubali kabla hajafikiri. Humu anajitaja kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndivyo wasifu unavyoandikwa, na pia kwa sababu ni rahisi zaidi kumsema Alwyn kuliko kujisema mwenyewe.

Royce Gerhard Altmann alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 hapa Birrendale, katika nyumba ya mbao nyuma ya maghala ya ngano, akiwa mtoto wa kwanza wa Gerhard na Elsie Altmann. Alwyn alifuata miaka miwili baadaye, na kufuata ndiyo kazi aliyoifanya tangu siku hiyo. Jumapili mama alipokata nyama ya kondoo ya kuoka, kipande cha pembeni, kile kilichokauka vizuri kikakolea chumvi, kilikwenda kwa Royce. “Mwenzako ni mkubwa,” mama alisema. Alwyn alisubiri akue amfikie. Alikuwa na miaka kama tisa alipong’amua kwamba hatamfikia kamwe.

Royce alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha shule ya ufundi ya Horsham, alikomaliza mwaka 1967. Vitabu havikumpenda sana. Mpira ulimpenda, huu wetu wa Australia unaopigwa teke, kudakwa na kupasiwa kwa ngumi, wenye robo nne. Aliichezea timu yetu ya mji misimu kumi na moja akiwa kiungo, na picha yake bado imetundikwa ukutani katika ukumbi wa klabu. Alwyn alicheza misimu miwili, siku nyingi akiwa amekaa benchi na koti.

Mwaka 1968 Royce aliajiriwa kwenye maghala, kupima ngano ya wakulima, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2011. Wakati wa mavuno malori yalipanga foleni hadi barabara kuu, na Royce alipanda juu ya kila moja na bomba lake la kuchukulia sampuli. Wenzake walichota juu juu. Yeye alilisukuma bomba mpaka likagonga bati la chini. Mkulima mmoja alimfokea siku moja, “Royce, jua linatuua, ngano si ile ile?” Akamjibu, “Juu kila mtu ni mkulima bora, mzee wangu. Ngoja tuone ulichoficha.” Walimnunia, lakini hakuna aliyewahi kusema alipunjwa.

Alimwoa Lorna Noske tarehe 23 Machi 1974 katika kanisa hili. Yapo mambo yasiyopendeza kutajwa msibani, lakini nusu ya waliokaa humu wanayajua: aliyempeleka Lorna kwenye dansi ya mavuno alikuwa Alwyn, kwa gari la kuazima, na aliyemrudisha nyumbani alikuwa Royce. Alwyn alikuwa msimamizi wa bwana harusi na akashika pete. Hakuoa. Ndoa ya Royce na Lorna ilidumu miaka arobaini na tisa, yenye furaha ya kuudhi, nao walijaliwa mabinti wawili, Kerryn na Joelle.

Sasa tuje kwenye jambo lililowafanya wengi wenu mje leo na skafu za timu zenu. Mwaka 2009 wanaume kumi wa mji huu tulianzisha ligi ya fantasi. Kila mtu alikuwa na kikosi chake cha wachezaji halisi wa ligi kuu, akakaa nao mwaka hadi mwaka, na walichofanya uwanjani wikiendi kikawa pointi zake: teke tatu, pasi ya ngumi mbili, kuudaka mpira hewani tatu, kumkaba na kumwangusha mwenye mpira nne, goli sita. Katika ligi hiyo kiungo ndiye mali, kwa sababu mpira haumkimbii. Wengine tulisoma takwimu. Royce alitazama robo ya mwisho tu, tena ya mechi ambayo timu imekwisha kufungwa. “Kiungo anayekaba wakati wamezidiwa pointi hamsini,” alisema, “huyo hata akiwa mgonjwa atakulisha.”

Alwyn ndiye aliyemwokota Tully Brannock. Hilo liandikwe na lisomwe kwa sauti. Alimchagua mwaka 2014, kijana wa miaka kumi na tisa asiyejulikana na mtu. Mwaka uliofuata Brannock alivunjika goti, na Royce akaja na sahani ya keki mkononi.

“Nipe huyo kiwete wako, nikupe Dempsey.”

“Dempsey yule nyota?”

“Huyo huyo. Nakuonea huruma, dogo.”

Alwyn alitia saini kabla kaka hajabadili mawazo. Dempsey alistaafu mwaka ule ule. Brannock alirudi akacheza kama aliyetumwa, na Royce akachukua kombe mara sita. Alwyn hakulichukua hata mara moja. Miaka minane alimtazama kiungo wake akimnenepesha mwenzake, na kila Brannock alipomwangusha mtu, Alwyn aliipiga meza ngumi. Watu waliita ni ushabiki. Ulikuwa wivu, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Royce alijua kupima.

Februari mwaka huu Royce aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, mbele ya televisheni, na aliendelea kushinda kwenye ligi. Mwezi Agosti fainali ilimkutanisha na Alwyn. Alhamisi tarehe 24, saa moja kabla ya kufungwa dirisha la kubadilishana wachezaji, alimwita.

“Mchukue Brannock,” alisema.

“Nikupe nani?”

“Hollis.”

“Hollis ana paja bovu, Royce. Hachezi.”

“Ndiye ninayemtaka.”

Alwyn alimtazama usoni akatafuta mtego. “Ameumia, sivyo? Umeona kitu. Uliniingiza mjini ukiwa mzima, sasa unataka kuniingiza tena ukiwa kitandani.”

“Sijaona kitu. Mchukue tu, dogo.”

“Kaa naye.”

Royce alifumba macho. “Haya. Shauri yako.”

Jumamosi Brannock alipata pointi mia moja hamsini na moja. Timu yake ilifungwa vibaya, na robo ya mwisho alikaba watu sita. Royce alishinda kombe la saba kwa pointi kumi na saba. Lorna alipomwambia, aliuliza tu, “Alwyn kafungwa kweli?” kisha akaomba televisheni izimwe. Alifariki Jumapili tarehe 27 Agosti 2023, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jumatatu Lorna alimketisha Alwyn jikoni akamwekea chai.

“Shemeji, hakukuwa na mtego,” alisema. “Tangu Jumanne alikuwa ananiambia, Alwyn hajawahi kunitangulia kwa lolote, na mimi muda umeniishia.”

“Kwa nini hakusema hivyo?”

“Angesema, ungempokea?”

Alwyn alivuta kikombe. Alikunywa chai, na ukweli ni kwamba hakuona huruma kwanza. Aliona wivu. Hata katika kutoa, kaka alikuwa amemshinda. Alikuwa amesukuma bomba hadi chini kabisa kwa mdogo wake, akaona yote yaliyokuwa humo, na bado akampenda. Alwyn angekuwa na Brannock na Royce akiwa kitandani, asingemtoa. Hilo analisema mbele ya jeneza kwa sababu hana mahali pengine pa kulisemea.

Marehemu ameacha mjane, Lorna, mabinti wawili, Kerryn wa Ballarat na Joelle wa hapa Birrendale, wajukuu wanne, wanaume wanane wa ligi, na mdogo wake mmoja, Alwyn.

Mungu amlaze Royce pema, apumzike kwa amani. Amwangalie na Alwyn, maana msimu unaanza Machi, na hana tena wa kumwonea wivu.