Ramani za Binti wa Timazi

Asubuhi ya Alhamisi, nyuma ya stendi ya Bariadi, Yakobo muuza kahawa alikuwa ameshamimina mzunguko wa pili mzee Ndaki alipofika kijiweni na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na kila mtu ana mahali pake. Mwanzoni hukaa Marcelo, aliyebatizwa Wakili tangu alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya mpaka wa shamba, akarudi anaongea kwa vifungu. Katikati ni Mayige, dalali wa ng'ombe, ndiyo maana anaitwa Mnada. Mwishoni, karibu na jiko la Yakobo, ni pa Ndaki mwenyewe. Yeye ni Timazi, kwa sababu alijenga kuta miaka thelathini na tano na hakuna uliopinda. Yaani hakuna, ukiacha ule wa mwisho, na huo wenzake walikubaliana bila kusemezana kwamba hautajwi.

— Mwangaluka, jamani.

— Mwangaluka, Timazi. Umebeba hati ya kiwanja?

— Kazi za Mina hizi.

Wilhelmina, kitinda mimba wake, alimaliza chuo Dar es Salaam mwaka juzi, akapata kazi kwenye ofisi ndogo ya wasanifu majengo huko Mwanza. Juzi alimpa kondakta wa basi kitabu chenye michoro yake yote, ya darasani na ya kazini, amletee baba yake. Jana akapiga simu: "Baba, kipitie vizuri. Kesho nakuja, nataka maoni yako. Halafu nina jambo la kukuomba."

Ndaki alikuwa amekifungua mara saba. Kila mara aliona weupe, na ndani ya weupe, mistari kama moshi ulioganda. Mwaka wa pili sasa macho yake yalikuwa yanajifunga taratibu. Pale kijiweni walijua. Hakuna aliyewaambia, walianza tu kumwona anapokea kikombe kwa mikono miwili, na Yakobo akaacha kumwekea kikombe benchini, akawa anamkabidhi kiganjani.

— Nimesahau miwani, alisema. Hebu nisomeeni kidogo.

Timazi hakuwahi kuwa na miwani. Wakili alijifuta mikono kwenye suruali, akafungua.

— Ukurasa wa kwanza. Soko la Lalago, mwaka wa tatu chuoni. Lina paa refu, halafu... mh!

— Mh nini?

— Jengo limekatwa katikati, kama tikiti. Ndani kote kunaonekana.

— Limekatwa kwa nini?

— Hiyo ni mirathi, Timazi. Mwenye soko akifariki, watoto wasigombane. Nusu huku, nusu kule. Binti ameisoma sheria.

— Soko la halmashauri lina watoto? aliuliza Yakobo.

— Wewe mimina kahawa.

Mnada alikivuta kitabu kwake.

— Wakili anakupoteza. Tazama hivi viduara vimezunguka jengo. Ishirini na nne. Hawa ni ng'ombe.

— Tangu lini ng'ombe akawa duara? aliuliza Wakili.

— Ukimwangalia kutoka juu, bwana! Ramani inaangalia kutoka juu. Mimi ng'ombe namjua kila upande. Binti yako anakwambia kwa adabu mahari yake ni wangapi.

— Mina aandike mahari kwenye kazi ya chuo?

— Ndiyo maana amewafanya duara, mwalimu asishtuke.

Ndaki alicheka hadi kahawa ikamwagikia kidoleni. Lakini ndani yake alikuwa anajenga: paa refu la Lalago, kivuli chini yake, watu na mafungu ya viazi. Alikuwa anaomba Mungu wasifike haraka mwisho wa kitabu.

— Kuna kitu kingine, alisema Mnada, na sauti yake ikashuka. Kila ukurasa, pembeni, kuna mshale na herufi N.

— N ya nini?

— Ya Ndaki! Kila alichochora kakuweka na wewe.

Safari hii hakuna aliyecheka. Ndaki alinyoosha kidole. Wakili akakishika, akakiweka juu ya herufi. Karatasi ilikuwa laini tupu, lakini kidole hakikutaka kutoka.

— Kila ukurasa?

— Kila ukurasa.

Wa mwisho ulikuwa wa kazini: nyumba ya kina mama wanaokaa kusubiri kujifungua, kwenye zahanati huko Kasoli. Wakili alikuwa ndiyo anaanza kueleza kwamba baraza lake refu limewekwa kisheria kwa ajili ya mashemeji wasiotakiwa ndani, bodaboda ikasimama mbele yao. Mina akashuka amekumbatia boksi.

— Shikamooni, wazee. Mwangaluka, baba.

— Mwangaluka, ng'wanone. Karibu, mwanangu.

Alikaa kando yake, akakiona kitabu.

— Umeziona?

— Zote. Soko la Lalago umelikata vizuri, hata warithi hawatagombana. Na ng'ombe nimewaona. Halafu wabeja, mwanangu, kwa kuniandika kila ukurasa.

— Kukuandika?

— Ile N.

Mina aliwatazama wazee. Wakili alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake. Mnada alikuwa anachunguza viatu.

— Ile N ni kaskazini, baba. Kwa Kiingereza. Inamwonyesha fundi jengo limeelekea wapi. Na viduara ni miti.

— Ahaa.

Ilikuwa ahaa ndogo, ya mtu aliyerudisha kitu alichodhani ni chake.

Mina alilisogeza boksi miguuni.

— Baba, jambo lenyewe ni hili. Nyumba ya Kasoli ndiyo jengo langu la kwanza kujengwa kweli. Mafundi ni wakubwa kwangu, nikisema neno wananiita mtoto. Nilitaka unisimamie. Nilitaka jicho lako kule.

Ndaki alipapasa benchi akitafuta bahasha iliyokuwa kando yake. Mina alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza saa:

— Baba, leo nimevaa nguo ya rangi gani?

Watu watatu pale walikuwa na macho, na nguo ilikuwa mbele yao. Wakili, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu aitwe Wakili, alifunga kitabu. Yakobo alishika birika hewani bila kumimina. Hata Mnada hakuthubutu kumnong'oneza.

— Sijui, mwanangu, alisema Ndaki.

— Tangu lini?

— Mwaka wa pili. Ule ukuta wa uzio wa mzee wa kanisa ulipinda vidole vitatu, wakaubomoa. Mimi nikasema mgongo unaniuma, nikaacha kazi. Nilijua ukisikia utaacha yako uje unishike mkono. Nikasema kwanza usimame.

Hakusikia kilio. Alisikia boksi linafunguliwa, kisha kitu chepesi kikawekwa mapajani pake.

— Basi hii usiitazame, alisema Mina. Ni mfano wa ile nyumba. Nimeutengeneza kwa karatasi ngumu.

Vidole vya Ndaki vilipanda juu ya paa, vikashuka ukutani, vikahesabu madirisha. Viliingia barazani polepole, kama mgeni mwenye adabu. Hapo vikasimama, vikarudi nyuma, vikaenda tena.

— Hiki ni nini?

— Benchi la kusubiria.

— Mama mwenye mimba ya miezi tisa anainukaje hapa?

— Anainuka tu, baba.

— Hainuki tu. Mama yako akiwa na mimba yako alikuwa hainuki mpaka ashike nguzo ya jikoni. Ile nguzo mpaka leo ina weusi wa kiganja chake. Hapa umeweka benchi ukutani, nguzo zako ziko kule mbele kwenye ukingo. Atashika nini? Hewa?

Kijiwe kizima kiliinama kutazama. Penseli ilisikika ikikwaruza karatasi.

— Nizisogeze kiasi gani?

— Mkono mmoja kutoka benchi. Mkono wa mama, siyo wa fundi.

— Mimi hilo nililiona tangu mwanzo, alisema Mnada.

— Uliona ng'ombe, alisema Yakobo.

Mina alicheka huku anajifuta uso kwa ukanda wa mkoba.

— Miaka mitano ya chuo, alisema, walimu wamekaa mezani wanahoji michoro yangu, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Utakuja Kasoli, baba. Kwa vidole hivyo hivyo. Ila kwanza tunakwenda hospitali, sasa hivi, kabla foleni haijajaa.

— Kahawa sijamaliza. Kesho...

— Kahawa imeisha, alisema Yakobo, akamtoa kikombe mkononi. Kisha akalirudisha birika jikoni, na Ndaki akasikia jinsi lilivyotua kwa uzito, limejaa.

Waliondoka wameshikana mikono. Hatua kumi mbele Mina akamwambia:

— Ni ya kijani, baba. Ile uliyoninunulia siku ya mahafali.

— Bado inakutosha?

— Nimeipanua.

Saa sita mchana ilikuwa imepita Mina, akiwa kwenye benchi la kliniki ya macho, alipompigia Wakili, akampa baba yake simu.

— Ni mtoto wa jicho, alisema Ndaki. Yote mawili. Daktari anasema huo ukungu unatolewa, wataanza na jicho la kulia mwezi ujao. Uhakika wa asilimia mia hakunipa, ila amesema nitaona.

Upande wa pili kulizuka vurugu ya kugombania simu. Aliyeshinda alikuwa Mnada.

— Timazi. Mara ya mwisho kuniona vizuri ilikuwa lini?

— Labda mwaka juzi, msimu wa pamba.

Mnada alisikika akisogea mbali na wenzake.

— Basi nikwambie mapema, usije ukashtuka mbele za watu. Nimezeeka.

— Kiasi gani?

— Sana, bwana.

Ndaki aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

— Usijali, alisema. Nitakuangalia taratibu.