Shangazi wa Mapokezi na Mlango Mmoja

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi, Shangazi wa mapokezi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi na huko litabaki. Hapa kazini, kuanzia bosi hadi mlinzi, sote tunamwita Shangazi, kwa sababu anatugombeza kama watoto wa kaka yake, na mtu wa nje akitusema vibaya anatutetea vilevile.

Aliajiriwa kwa wiki mbili tu, amshikie nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake hakurudi, na Shangazi hakuondoka. Wakati ule vitengo vilikuwa vitatu kama sasa: mapazia, magodoro na ukarabati wa makochi. Kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa barabarani na kibao chake. Mteja akikosea mlango aliambiwa atoke nje, azunguke. Kutoka walitoka, kuzunguka, wengi hawakuzunguka.

Shangazi hajawahi kumwambia mtu azunguke. Huinuka, akamshika mteja mkono na kumpitisha ndani kwa ndani mpaka mezani kwa fundi. Kisha hurudi na kumwandika kwenye daftari lake jekundu, chini ya kichwa cha habari Waliopotea Njia: mstari mmoja, alichokuja kutafuta, alichoishia kuagiza, na neno ameelekezwa. Mwanzilishi wetu, baba yake bosi wa sasa, alilisoma daftari hilo siku moja, na wiki iliyofuata akavunja kuta mbili na kuziba milango miwili. Tangu hapo tunaingia wote kwa mlango mmoja, unaotazamana na meza ya Shangazi. Ole wake mchelewaji.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana najua wenzangu wanasubiri waone kama nitairuka.

Mwaka juzi bosi aliamua tufungue tovuti. Wakati huohuo alitutangazia habari nzito: kitengo cha makochi kilikuwa kimekauka wateja, na kama kazi hazingeongezeka hadi Desemba, kingefungwa. Hapo ndipo walipokuwa mafundi wanne wakiongozwa na Fundi Misumari, anayeitwa hivyo kwa sababu hushika misumari midogo mdomoni kutwa nzima, na kwa hiyo si mtu wa maneno. Siku hiyo aliinamisha kichwa tu, akaendelea kugonga.

Mtu wa kompyuta ni mimi. Nikashauri kila kitengo kipewe sabdomeni yake, yaani jina la kitengo litangulie mbele ya anwani ya kampuni, na kila anwani iwe tovuti inayojitegemea. Nilichora michoro ya rangi. Nikasema kampuni kubwa ndivyo zinavyofanya. Bosi akakubali tujaribu, nami nikatembea kifua mbele kwa mwezi mzima.

Weee! Tovuti zilikuwa tatu na wa kuzilisha habari mmoja, mimi. Tulipohamisha siku ya kufunga kutoka Jumapili kwenda Jumatatu, nilibadilisha kwenye mapazia, nikabadilisha kwenye magodoro, kwenye makochi nikasahau. Jumatatu moja mama mmoja akawasili na kochi zima juu ya pikapu, akakuta kufuli. Bahati yetu, Shangazi alikuwa amerudi kufuata miwani yake. Akafungua, akalipokea kochi. Jumanne akanipokea mimi. Aliyoyasema siyaandiki, jarida hili linasomwa hata na watoto wetu.

Hilo lilikuwa dogo. Anwani ya mapazia ilikuwa ikipata wageni kila siku, lakini waliotembelea ile ya makochi kwa mwezi mzima wangeenea kwenye makochi mawili, na nafasi ikabaki. Oktoba ilikuwa imeshaingia. Nilianza kukwepa kupita karakana, nisikutane macho na Fundi Misumari.

Kwenye kikao cha mwezi huo Shangazi alikuja na daftari jekundu. Alitufungulia ukurasa baada ya ukurasa: katika kila wateja kumi wa makochi, saba walikuja kutafuta mapazia. Walipitishwa karakana, wakaona kochi kuukuu likivishwa kitambaa kipya, wakalikumbuka la kwao. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kwenye kompyuta yangu mtu wa mapazia anapita wapi hata alione kochi. Hakuwa akipita popote. Zile kuta alizozivunja mzee, mimi nilikuwa nimezijenga upya.

Tukarudi kwenye anwani moja, kila kitengo kikawa na kurasa zake humohumo, na picha za makochi zikawekwa pale mtu wa mapazia anapopita. Anwani za zamani, Shangazi alisisitiza, zimlete mgeni zenyewe mpaka mahali papya, asiambiwe azunguke. Sabdomeni moja tu aliiacha ibaki, ya ratiba ya mafundi, kwa kuwa wateja hawana shughuli nayo. Hata jengo, alisema, lina mlango wa nyuma wa wafanyakazi.

Desemba bosi alitangaza kwamba kazi zimeongezeka na kitengo cha makochi kinabaki. Jamani, nilipumua! Fundi Misumari alitema misumari yote kiganjani ili apate kucheka vizuri. Leo mafundi wa makochi ni watano.

Shangazi, asante kwa kila mkono ulioushika. Kiti ulichokalia miaka yote hii ni chako. Fundi Misumari amekivisha upya, na kitakusubiri kwenye pikapu. Mume wako na wajukuu wakufaidi sasa, uwe na afya njema na asubuhi zisizo na kengele.

Daftari jekundu umeniachia mimi. Nimelifungua ukurasa wa mwisho. Kuna mstari mmoja tu, na pembeni yake umeandika: Mtu wa kompyuta. Alikuja na milango mitatu. Ameelekezwa.