Historia ya Fundi Rangi Aliyemnyoa Mtakatifu Yosefu

Baba Paroko, mjane, watoto, wajukuu, majirani na nyote mliokuja kusimama nasi leo, Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2024, familia imemteua mdogo wa kike wa marehemu, fundi cherehani anayeshona vitambaa vya altare, asome habari za maisha ya kaka yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba hatapaka rangi mahali palipooza, maana kazi hiyo marehemu aliifanya ya kutosha.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Februari 1952, mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akabatizwa siku ya nane, na tangu utotoni alikuwa na kinyaa cha kupindukia, hanywi kwenye kikombe alichonywea mwenzake, hali kwenye sahani iliyotuliwa na inzi, hata mama akawa anasema mtoto huyu akifa ataukagua kwanza udongo kabla ya kukubali kulala humo. Kinyaa hicho msomaji naye anacho, ni cha ukoo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, akajifunza useremala na upakaji rangi katika chuo cha ufundi miaka mitatu, na mwezi Januari 1971 akaajiriwa hospitali kupaka rangi vitanda, milango na magari ya wagonjwa, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane bila barua hata moja ya onyo. Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na karani wa mapokezi wa hospitali hiyohiyo, ambaye ndiye mjane wetu huyu, wakajaliwa watoto watatu, dereva, muuguzi na mwalimu, wote wako hapa. Mwaka 1989 aliacha hospitali, akawa msakristia, mtunza vyombo vya ibada, na fundi wa parokia hii, na hapa ndipo uozo ulipoanzia.

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Antoni, marehemu aliiosha sanamu ya jasi ya mtakatifu huyo kwa sabuni na brashi laini, huku akisonya, kwa sababu miguu ya sanamu ile ilikuwa na rangi za midomo, makamasi, nta na mate ya watu waliodhani kubusu ni kulamba. Jumanne tarehe 11 Juni 1991, siku mbili kabla ya sikukuu, sanamu ilimteleza mikononi kwa sababu ya sabuni, ikaanguka sakafuni, kichwa kikawa unga. Badala ya kwenda kwa Paroko wa wakati ule na kusema nimevunja, alijifungia stoo, akatoa sanamu kuukuu ya Mtakatifu Yosefu, ambaye naye amembeba Mtoto na kushika ua, akamnyoa ndevu kwa msasa, akampunguza nywele utosini, akampaka vazi la kahawia, na Alhamisi asubuhi parokia nzima ikaimba mbele ya Yosefu ikimwita Antoni. Rangi haikuwa imekauka sawasawa, mama mmoja wa kwaya akagusa vazi, akaondoka na kahawia kiganjani, akatangaza kuwa amepakwa muujiza, akakaa siku tatu haoshi mkono ule, akila nao, marehemu akimtazama.

Alinyamaza miaka thelathini na mitatu. Mwaka 2003 binti wa msomaji aliondoka nyumbani bila kuaga, asijulikane yu hai au la, na msomaji akapiga magoti mbele ya sanamu ile Jumanne kumi na tatu mfululizo, akimwomba Antoni, mwombezi wa waliopotea, amwombee mtoto apatikane, wakati kaka yake wa tumbo moja akipita nyuma yake na mishumaa na kwenda kujificha sakristia. Binti alirudi, ameketi hapa, na Mungu ashukuriwe.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na kansa ya ini, akatibiwa, akapata nafuu, ikamrudia, na Septemba mwaka huu akalazwa wodi namba nne. Jumapili tarehe 6 Oktoba alimweleza dada yake yote, kisha, kabla machozi hayajamkauka, akamwomba amsalie Salamu Maria moja tu, kwa kuwa yeye mwenyewe maumivu yalikuwa yanamkatisha katikati. Msomaji alijisikia kama mtu aliyeambiwa kilichokuwa ndani ya chungu baada ya kushiba, akamjibu aende akamwombe Yosefu wake aliyemnyoa, akachukua mkoba, akaondoka.

Jumanne alikwenda kanisani kumshtaki kaka yake kwa mtakatifu, akakuta hawezi, kila akiinua macho anaona mikwaruzo ya msasa kidevuni, na Baba Paroko akamkuta hapo, akasikiliza yote. Alimwuliza kama zile Jumanne kumi na tatu alikuwa anaiomba jasi au anamwomba mtu, naye akajibu kwa hasira kwamba anamwomba mtu, yeye si mwehu, Paroko akasema basi mtu huyo alisikia, kwani ukiweka picha ya shemeji kwenye namba ya dada yako, ukipiga simu itaita kwa dada yako. Akaongeza kwamba sanamu tunaiheshimu kwa ajili ya mwenyewe, anayeabudiwa ni Mungu peke yake, na mtakatifu naye hana dawa mfukoni, anatuombea kwa Mungu kama ndugu anavyomwombea ndugu, na kwamba mgonjwa wa wodi namba nne ameomba kitu kilekile, kwa mdomo wake, akanyimwa.

Tangu hapo kinyaa kilihama. Msomaji alivuka kanisa zima Jumanne kumi na tatu kumwomba mtakatifu amwombee, lakini kaka aliyelala hatua mbili kutoka kwenye kiti chake alimwona mchafu mno kuombewa, akatafuna kiburi hicho Jumatano, akakitafuna Alhamisi, na Ijumaa tarehe 11 Oktoba alipofika wodini na mashuka safi, saa nne na robo, muuguzi alimwambia marehemu amefariki saa nne kamili, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Jumatano marehemu alikuwa ameungama, na aliagiza jambo hili lisomwe hadharani, ingawa aliogopa kwamba mkilijua hakuna atakayemwombea.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Tangu Jumamosi habari ilipovuja, wamekuja watu kwa Paroko kuuliza kama sala zao zirudiwe upya, wengine wanataka sanamu itupwe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Misa ya marehemu ni saa ngapi. Inatia kichefuchefu, na msomaji anajua ladha yake kwa kuwa alianza yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, mafundi wenzake wa hospitali waliochonga jeneza, majirani waliopokezana kukesha naye, na Baba Paroko. Tunaomba asisimame mtu hapa kusema marehemu tayari yuko mbinguni anatuombea, hilo hatulijui, na kulisema mapema ni kukwepa kazi, yeye ndiye anayetuhitaji sasa. Msomaji anaweka karatasi hii chini, anapiga magoti, na mwenye kumsamehe marehemu apige naye.

Kaka, pumzika kwa amani, Salamu Maria yako hii hapa, imechelewa siku nane.