Siku Niliposoma Gunia la Unga wa Uji

Dada zangu, nimeomba nisimame wa kwanza leo kwa sababu habari hii siwezi kuikalia tena. Binti yangu amemaliza miezi mitatu bila kufura uso.

Mnajua tulikotoka. Mwaka jana alitafuna karanga, midomo ikafura, pumzi ikakwama. Kliniki wakasema karanga asiguse tena. Nikazifukuza nyumbani. Wiki mbili hazikuisha, akafura tena.

Nawaambia ukweli, nilianza kutafuta mchawi. Hapa Kayole, katika ploti yetu, kuna jirani aliyekuwa akinishikia mtoto nikienda kufulia watu nguo. Nikamwambia pale mferejini, wapangaji wote wakisikia, "Mkono wako usimguse mwanangu tena."

Akaweka ndoo chini. "Sawa, Mungu amponye," akasema, akaenda zake bila maji.

Mtoto hakupona. Asubuhi moja, uji haujaisha kikombeni, kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikakimbia naye kliniki. Walipokwisha kumtuliza, muuguzi akaniambia, "Niletee pakiti za kila kitu anachokula."

"Sista, sisi hatununui pakiti. Tunapimiwa."

"Basi kasome gunia."

Mnacheka, lakini nani kati yetu amewahi kulisoma? Tunapimiwa nusu kilo kwenye mfuko wa karatasi, maandishi yanabaki dukani. Nikaingia nyuma ya kaunta, nikainama.

"Mathe," mwenye duka akaniuliza, "leo unanunua unga ama unasoma gazeti?"

Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, kwa hiyo nilikwenda na kidole, neno kwa neno. Mahindi. Wimbi. Soya. Na chini kabisa, karibu na mshono, karanga.

Nikakaa juu ya gunia lile lile. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nikimlisha kwa mkono wangu, nikimbembeleza amalize.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. "Ni uji wangu," nikamwambia. "Nisamehe."

"Ulinichoma sana," akasema. Kisha akasogeza kiti. "Na biskuti zake, umezisoma?"

Sikuwa nimezisoma. Tukazisoma pamoja.

Kwa hiyo, akina mama, kabla ya kupimiwa, omba uone gunia. Usione haya. Soma hadi neno la mwisho, na kama hujui kusoma, tafuta wa kukusomea. Gunia jipya likifunguliwa, soma upya. Tena angalia kile kikombe cha kupimia: kikitoka kwenye karanga kikaingia kwenye unga, gunia halitakuambia.

Namshukuru muuguzi yule. Namshukuru mwenye duka, ambaye sasa ananiita nikipita kukiwa na gunia jipya, "Mathe, gazeti limefika." Na jirani yangu sitamtaja, lakini mkigeuka mtamwona, benchi la nyuma. Mtoto aliyelala mapajani mwake ni wangu.