Kinue Sugawara na Birika la Ukoo

Ndugu na majirani, tumekuja kumsindikiza Mama Kinue Sugawara, na familia imeomba maisha yake yasomwe kama alivyoyaishi, bila kuongezwa chumvi.

Mama Kinue alizaliwa tarehe 3 Mei 1947 mjini Kuji, pwani, mtoto wa tatu wa wauza ngisi, akasoma huko huko shule ya msingi na sekondari, akahitimu mwaka 1965, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha samaki wa makopo hadi alipoolewa.

Tarehe 14 Novemba 1971 alifunga ndoa na Bwana Tadakazu Sugawara, msubu mabirika, fundi wa kumimina chuma kwenye kalibu, wa hapa Mizusawa, na wiki hiyo hiyo, kwa kuwa kwao vyombo husuguliwa kwa mchanga mpaka ving'ae, akalisugua kwa ndani birika la chuma la ukoo, akauondoa ukoga mweupe uliojengwa na maji ya vizazi vingi, ambao ndio hukinga chuma kisipate kutu, na kesho yake maji yakatoka mekundu kwa kutu. Baba mkwe wake, Mzee Genzo, alikitazama kikombe, akasema, "Bibi harusi, umetukwangulia babu zetu," akakisogeza pembeni, na tangu hapo akawa anakunywa chai kwa jirani.

Mama Kinue alifunga mizigo, lakini hakuondoka. Alichemsha majani ya chai ndani ya birika lile, akamwaga, akachemsha tena, mpaka kutu ikageuka nyeusi na maji yakatoka safi, kisha kila asubuhi akachemsha maji matupu, akayamimina yote yakiwa ya moto, akaliacha wazi ili chuma kijikaushe chenyewe. Mtoto wao Sachiho alizaliwa mwaka 1973, mdogo wake Yasuo mwaka 1976, na ukoga ukawa unarudi kidogo kidogo, hata majira ya baridi ya mwaka huo Mzee Genzo akaketi na kusema, "Haya, nipe ya hapa, ya kule ina ladha ya bati."

Oktoba 2018 Mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na ndipo ilipojulikana kwamba Bwana Tadakazu, aliyesubu mabirika maisha yake yote, hajawahi kujichemshia maji. Alifundishwa kutoka kitandani, "Yamwage yote, Baba Sachiho! Unambakizia nani?" naye akasahau, akagombezwa, akasahau tena, mpaka sauti ya Mama ilipokwisha. Alifariki nyumbani, tarehe 9 Februari 2019.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake Bwana Tadakazu, na majirani, hasa wale waliomvumilia Mzee Genzo. Inawaomba radhi pia kwa kuchelewa kuanza. Chai mliyokunywa aliichemsha Bwana Tadakazu, akamwaga maji yote, akabaki amesimama mbele ya birika, na Sachiho alipomwambia kwamba watu wanasubiri, alijibu tu, "Bado halijakauka."

Mama Kinue, sasa pumzika, pumzika kwa amani.