Vijiti vya Mungu kwenye Fomu ya Ndoumbé

Siku ile kahawa ya Touba, ile ya viungo vikali, aliyopika Gora ilikuwa inawasha koo kuliko kawaida, na bado haikuwazindua watu wa kijiwe chetu. Kijiwe chenyewe ni benchi la mataruma ya reli lililowekwa nje ya kibanda chake, hapa Thiès, ng'ambo ya stesheni. Mimi nilikata tiketi za treni miaka ishirini na minane. Ndiyo maana wananiita Stesheni, na ndiyo maana sina subira na mtu anayechelewa. Safari hii aliyechelewa ni Birame Ndiaye, fundi cherehani, tunayemwita Sindano. Fomu ya binti yake ya kuomba msaada wa masomo ilikuwa imerudishwa, na mwisho wa kuipokea ni saa sita mchana. Saa nne na nusu ilishapita. Bila msaada ule Ndoumbé angeacha chuo Dakar na kurudi nyumbani, maana hata kitanda hakuwa nacho. Alikuwa analala sakafuni chumbani kwa rafiki, wasichana sita kwa vitanda viwili.

Fomu ilikuwa mapajani mwa Sindano, kisanduku kimoja kimezungushiwa wino mwekundu. Akainyakua Rekta. Huyu Rekta, yaani mkuu wa chuo kwa utani wetu, alirudia mwaka wa kwanza wa chuo mara tatu, kwa hiyo mambo yote ya chuo anayajua yeye.

Rekta: Swali la saba. "Idadi ya watu wanaoishi nyumbani." Na wewe mzee umejibu nini? "Vijiti vya Mungu, alhamdulillahi."

Sindano: Kosa liko wapi?

Rekta: Karani ameandika pembeni: "Vingapi? Andika tarakimu."

Sindano: Watu hawahesabiwi, Rekta. Wewe mama yako alikuhesabu?

Hapo alikuwa na haki yake. Kwetu ukihesabu watu unawaonyesha kifo njia, na ukibanwa sana unasema vijiti vya Mungu, ili balaa lidhani ni kuni. Lakini binti alikuwa anasubiri Dakar, na mimi hasira zilikuwa zimeshaanza kunipanda.

Mimi: Sindano, andika namba, treni inaondoka!

Rekta: Taratibu, mzee Stesheni. Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Na wewe uliyekaa mwaka wa kwanza miaka minne, baraka umezipata?

Gora akacheka mpaka akamwaga kahawa. Rekta hakujali. Akakunja nne, akaanza hadithi ya msaada wake mwenyewe, ambayo tumeisikia mara nyingi kuliko adhana.

Rekta: Hela yangu ya kwanza ya chuo! Kitenge cha mama, marashi ya baba, viatu vya kaka. Marafiki nikawachinjia kondoo. Mimi nikabaki na tiketi tatu za mkahawa wa chuo.

Gora: Na vitabu?

Rekta: Vitabu ndiyo sababu ya kurudia mwaka.

Hapo akaingilia Mor Talla Diop. Huyu alikuwa askari wa forodha, tukamwita Forodha, na mpaka leo akikusalimia anakutazama mifuko.

Forodha: Mimi nimekaa mpakani, nawaambieni. Mtu akikuuliza unavyo vingapi, anataka kutoza kimoja.

Sindano: Umeona? Umeona?

Forodha: Lakini pia, mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, unaficha nini tena?

Rekta: Andika sifuri. Nyumba isiyo na watu ndiyo maskini kuliko zote. Watampa msaada mzima.

Gora: Sifuri! Na fomu kaijaza nani, jini? Andika moja. Si mnakula bakuli moja?

Rekta: Basi tuhesabu miguu tugawe kwa mbili. Miguu si watu.

Sindano: Mama yangu walimkata mguu, sukari ile.

Rekta: Ah. Itatoka nusu mtu.

Forodha: Changanya na kondoo! Balaa likija litachukua kondoo.

Mimi: Na kondoo wakiitwa Dakar kupiga picha za vitambulisho?

Simu ya Sindano ikalia. Akaiweka sauti ya juu, kwa sababu sikio lake la kulia limechoka na mlio wa cherehani. Alikuwa Ndoumbé.

"Baba, umeshaandika?"

"Tunaandika, mama."

"Ni kisanduku kimoja tu, baba. Mimi siwezi kukujazia, wanataka mwandiko wa mwenye nyumba. Leo wenye chumba wametuambia wasio na karatasi ya msaada watoke kabla ya Ijumaa."

"Nimesikia."

"Baba, andika vyovyote. Tafadhali."

Simu ikakatika. Sindano akaitazama kalamu kana kwamba mtu amempa nyoka amshikie. Saa tano na robo. Nilitamani nimshike mkono nimwandikishe kwa nguvu kama mtoto wa chekechea. Nilimwona mshirikina, mkaidi, baba wa hovyo. Nasema kweli, nilimchukia kwa dakika kama kumi hivi.

Aliyetutoa kwenye tope ni Forodha. Diop na Ndiaye ni watani tangu mababu, na Diop akimwona Ndiaye hata msibani lazima amwite mlafi wa wali.

Forodha: Nyie mmesahau kitu. Mimi ni mtani wake. Nikimtukana si tusi. Nikimwibia kofia si wizi. Sasa nikimhesabia watu wake, itakuwa hesabu?

Gora akaacha kumimina kahawa.

Gora: Haiwi hesabu. Inakuwa utani.

Rekta: Kisheria hilo linasimama kabisa.

Sindano: Utahesabu wewe, mimi naandika tu?

Forodha: Wewe andika, mlafi wa wali. Na umri weka, juu ya kisanduku wametaka jina na umri. Tayari? Wa kwanza, Birame Ndiaye, anayeshona suruali mguu mmoja mrefu.

Sindano: Miaka sitini na mmoja. Endelea, mtumwa wangu.

Forodha: Wa pili Sokhna, mkewe, maskini, aliolewa na Ndiaye wakati ma-Diop tulikuwepo. Wa tatu Bibi Coura, mguu mmoja lakini akiona wali anakimbia. Wa nne Shangazi Thioro, mjane. Mume alikufa kwa kusikiliza hadithi za ma-Ndiaye.

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Sindano mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, anaandika, anafuta tena. Sijui mara ya mwisho nilimwona anacheka hivyo lini.

Forodha: Wa tano Ndoumbé, ana akili, kwa hiyo tunashuku baba yake ni Diop. Wa sita Yandé, wa saba Ibou, walafi wadogo wa wali, wanafundishwa kazi. Na wa nane Massamba, aliyerithi kichwa cha baba yake, hakuna kofia Thiès nzima inayokiingia!

Kalamu ya Sindano haikusita. Massamba Ndiaye, ishirini na sita. Akateremka kwenye kisanduku akaandika nane, kubwa, safi, yenye matumbo mawili kama alivyofundishwa shule. Gora akapiga kijiko kwenye birika. Rekta akadai kahawa ya bure kwa kazi ya kitaalamu.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tano alipokuja Maguette, msichana wa kibanda cha fotokopi, kashika ufunguo wa pikipiki mkononi. Ameanza kazi pale wiki hii, ametokea Louga, hata majina yetu hajayajua. Sindano alikuwa amemwachia ujumbe kwamba fomu itatumwa kwa mashine yake.

Gora: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Maguette: Salaam aleikum, wazee. Baba, nimeifuata mwenyewe, muda umekwenda. Naomba niione.

Akaipitia harakaharaka kwa kidole.

Maguette: Hapa sawa. Nane. Sasa ukurasa wa pili, kila mtu mzima wa nyumbani aweke sahihi yake mwenyewe, bila hivyo mashine haipokei. Baba, weka hapa. Mama, bibi na shangazi nitawapitia sasa hivi, nyumba si ile ya geti la kijani? Dada wa chuo sahihi yake imeshatumwa.

Sindano akatia sahihi.

Maguette: Bado huyu Massamba. Atakuja saa ngapi?

Gora aliinama akawa anachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Massamba aliondoka na mtumbwi wa kwenda Uhispania mwaka jana, wiki mbili kabla ya Tabaski, sikukuu yetu ya kuchinja. Hajapiga simu. Watu wa mtumbwi ule hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Pale kijiweni jina lake lilikuwa halijatajwa tangu siku hiyo, mpaka ulimi wa Forodha ulipoteleza kwenye mazoea. Mimi niliyepiga kelele asubuhi nzima "andika namba, andika namba," niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua kikombe.

Maguette: Baba? Yuko mbali? Kama yuko kazini nimfuate na pikipiki.

Nilimtazama Forodha. Miaka yote ile hajawahi kukosa neno la kumtupia Ndiaye, na sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

Sindano akaichukua fomu mkononi mwa yule binti, polepole, akaipapasa ile nane kwa kidole gumba kana kwamba anatafuta pindo. Saa sita kasoro robo. Halafu akaomba fomu nyingine, tupu. Maguette alikuwa nayo mkobani. Sindano akailaza gotini, akashika kalamu.

Sindano: Hesabu tena, mtani.

Forodha: Birame...

Sindano: Hesabu tena. Mtoto anasubiri.

Forodha akavua kofia. Akaanza upya, kwa Birame Ndiaye, miaka sitini na mmoja, na safari hii hakumtania mtu hata mmoja, wala hakuvuka wa saba.